Plagi Ndiyo Logi: Historia ya Gesi ya Kuchekesha na Mafundi Wanaosoma Kauri

Leo tunaacha seva na hifadhidata kidogo, tuingie gereji.

Tangu filamu ya The Fast and the Furious itoke mwaka wa 2001, vijana wengi hapa kwetu wanaijua NOS: chupa ya buluu nyuma ya viti, kitufe kwenye usukani, halafu taa za mji zinageuka kuwa mistari. Filamu haionyeshi kinachofuata. Haionyeshi gari likivutwa kwa kamba kurudi kambini huku injini imezimwa, wala mtu mzima aliyeinama juu ya boneti na plagi nane mkononi, kioo cha kukuzia jichoni, hataki kusemeshwa na mtu. Anatafuta vijidoti vidogo kuliko chembe ya chumvi. Akiviona, mbio za siku hiyo zimekwisha mpaka abadilishe kitu. Asipoviona na vipo, injini ya mamilioni ya shilingi inaweza kuwa chuma chakavu kabla ya saa nyingine kupita.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na ninapoisoma historia ya watu hawa siachi kuwaza kwamba wao walikuwa wakisoma logi kabla sisi hatujazaliwa. Kila silinda inaandika logi yake juu ya kauri ya plagi. Lugha yake ni ngumu, na kuna kipindi ilibadilika ghafla bila mtu kutoa notisi. Hilo nitalifikia.

Tuanze na gesi yenyewe. Nitrasi oksaidi ilitengenezwa mara ya kwanza na Mwingereza Joseph Priestley mwaka wa 1772. Mwaka wa 1799 kijana Humphry Davy, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi moja ya tiba ya hewa mjini Bristol, alianza kuivuta mwenyewe, akaona inachekesha na inapunguza maumivu. Ilichukua hadi mwaka wa 1844 kwa daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, kuitumia kung'olea meno. Hadi leo madaktari wa meno wanayo. Ile ya kuwekwa kwenye magari mara nyingi hutiwa salfa kidogo, ili mtu anayetaka kuvuta chupa ya gari ajute haraka.

Sasa, jambo ambalo wengi hukosea: nitrasi si mafuta. Haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Ukipima kwa uzito, hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 23, na nitrasi ina asilimia 36. Ikiingia katika silinda yenye joto, molekuli inavunjika, oksijeni inaachiliwa, na kule kuvunjika kwenyewe kunatoa joto la ziada. Isitoshe, inatoka kwenye chupa ikiwa kimiminiko na kugeuka gesi kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inapoza hewa inayoingia na kuifanya nzito zaidi. Kwa hewa ya kawaida, kilo 1 ya petroli inahitaji kilo 14.7 hivi. Kwa nitrasi peke yake, kilo 1 ya petroli inahitaji takriban kilo 9.6. Maana yake ni moja tu: ukiongeza nitrasi lazima uongeze petroli, tena nyingi. Ukiongeza gesi ukasahau petroli, moto utatafuta kitu kingine cha kula, na kilicho karibu ni pistoni.

Plagi nayo ina historia yake. Étienne Lenoir, Mbelgiji aliyeishi Paris, alitumia cheche ya umeme kuwasha injini yake ya gesi mwaka wa 1860. Lakini plagi tunayoitambua, inayofanya kazi pamoja na magneto ya volti nyingi, ilitoka katika karakana ya Robert Bosch kule Stuttgart mwaka wa 1902, kazi ya mhandisi wake Gottlob Honold. Umbo lake halijabadilika sana: nondo katikati, kauri ikiizunguka, ganda la chuma lenye hesi za kufungia kwenye injini, na mkono mdogo wa chuma uliopinda kuelekea kwenye nondo. Cheche inaruka kati ya viwili hivyo.

Cheche ndiyo kila mtu anaijua. Kazi ya pili ya plagi haisemwi sana, nayo ni kutoa joto nje. Pua ya kauri ikibaki baridi kuliko nyuzi 450 hivi, masizi hayaungui na plagi inazibwa. Ikizidi nyuzi 850 au zaidi, inakuwa kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla cheche haijafika. Ndiyo maana kuna plagi za moto na plagi za baridi: ya moto ina pua ndefu ya kauri inayochelewa kupoa, ya baridi ina pua fupi inayopeleka joto upesi kwenye kichwa cha injini. Injini ya nitrasi inataka baridi. Na hapa, wenzangu wa programu, kuna kichekesho ambacho mtakifurahia: kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Champion na Autolite, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Bosch ya zamani ilikwenda upande mmoja na ya sasa inakwenda upande wa pili. Nani aliidhinisha API hii sijui, lakini pistoni zilizoyeyuka kwa sababu yake lazima ni nyingi.

Adui mkubwa wa hadithi hii anaitwa kugonga. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukiwaka vizuri, moto unatembea kutoka kwenye plagi hadi ukutani kwa mpangilio. Ukibanwa na kupashwa joto kupita kiasi, sehemu ambayo moto haujaifikia inalipuka yenyewe kwa wakati mmoja. Unasikia kama mtu anagonga injini kwa nyundo ndogo. Harry Ricardo alilichunguza tatizo hili Uingereza tangu miaka ya vita vya kwanza vya dunia, na kule Dayton, Ohio, Thomas Midgley alikuwa akilifukuza chini ya Charles Kettering wa General Motors. Tarehe 9 Desemba 1921 kikundi cha Midgley kilitia risasi (ile ya madini, si ya bunduki) katika mafuta ya injini ya majaribio, na kugonga kukanyamaza. Mwezi wa Februari 1923 petroli yenye risasi ikaanza kuuzwa Dayton. Mwezi wa Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha kutengeneza kiungo hicho kule Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu yake baada ya kurukwa na akili. Mauzo yalisitishwa mwaka uliofuata, kisha yakaruhusiwa tena mwaka wa 1926.

Risasi ikiungua inaacha unga, na unga huo ungeziba plagi na vali zote baada ya muda mfupi. Kwa hiyo iliongezwa kemikali ya bromini ili risasi igeuke kitu kinachoweza kutoka na moshi. Sehemu kubwa ilitoka, ikaenda kwenye hewa tuliyovuta. Sehemu ndogo ilibaki kwenye kauri na kuipaka rangi ya udongo, kama chai ya maziwa. Shikilia rangi hiyo. Kwa zaidi ya miaka 60 vitabu vya mafundi duniani kote vilichapisha picha yake na kuandika chini yake kwamba hii ndiyo plagi yenye afya.

Nitrasi iliingia kwenye injini kwa njia ya vita. Mwaka wa 1940 Mjerumani Otto Lutz alitengeneza mfumo ulioitwa GM-1, na marubani wakaupa jina la utani Ha-Ha, kwa sababu ya gesi ya kuchekesha. Ulifungwa kwenye baadhi ya ndege za Messerschmitt Bf 109, baadaye kwenye Junkers Ju 88 S na Ta 152 H. Waingereza nao, mwaka wa 1944, waliziwekea nitrasi baadhi ya ndege zao za usiku za Mosquito ili ziweze kuwafukuza Wajerumani hao hao.

Lakini angalia walivyoitumia, maana tofauti hii ndiyo inayoeleza kila kitu kilichofuata. Ndege ikiwa mita 8,500 juu, hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini inapata chini ya nusu ya ile ya usawa wa bahari. Pampu ya kusukuma hewa ikishindwa kuziba pengo hilo, nguvu inapungua, na pale ndipo rubani alipofungua Ha-Ha. Gesi ilirudisha oksijeni iliyochukuliwa na mwinuko. Injini haikufanya kazi kubwa kuliko ile ambayo mhandisi wake aliikusudia, ilirudishiwa tu haki yake.

Vijana wa Marekani waliofunga chupa kwenye magari baada ya vita hawakuwa mita 8,500 juu. Walikuwa chini, injini tayari imeshiba hewa, na wao wanaongeza juu ya hiyo. Kila nguvu ya farasi waliyoipata ilikuwa nje ya mahesabu ya aliyeitengeneza injini. Kwa mwanaprogramu ni sawa na kuongeza maombi mara mbili kwa seva ambayo tayari iko asilimia 100. Inaweza kuvumilia sekunde saba. Swali ni je, utajuaje kwamba ya nane ingeiua?

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya siri na ujanja. Mwezi wa Februari 1976, katika majaribio ya kutafuta nafasi za kuanzia mbio za Daytona 500, A. J. Foyt na Darrell Waltrip walitoa muda mzuri sana. Wakaguzi wa NASCAR walifungua magari yao, wakashuku gesi ya ziada, na kufuta muda wa wote wawili. Nafasi ya kwanza ikaenda kwa Ramo Stott, dereva ambaye hakuna aliyemtarajia pale. Mbio ndefu kama zile hazikuwa mahali pa nitrasi kwa vyovyote: chupa haidumu, na sheria hairuhusu. Nyumbani kwake hasa palikuwa kwenye mbio fupi za mstari ulionyooka, robo maili, yaani mita 402. Mwaka wa 1978 Mike Thermos na Dale Vaznaian walianzisha kampuni ya Nitrous Oxide Systems kule California na kuanza kuuza mifumo kamili: chupa, bomba, vali mbili za umeme (moja ya gesi na moja ya petroli), na jeti zenye matundu ya vipimo tofauti. Kubadilisha nguvu kukawa kazi ya kubadilisha jeti mbili. Mwaka wa 1987 Bill Kuhlmann, kwenye uwanja wa Darlington, South Carolina, alipita maili 200 kwa saa (kilomita 322) katika gari lenye milango halisi, akisukumwa na nitrasi.

Kati ya 1978 na 1987 kuna kitu kilichokuwa, na ninaamini si jeti wala vali. Jeti ilimpa kila mtu uwezo wa kuongeza gesi. Kilichowatenganisha walioshinda na walioenda nyumbani na ndoo ya vipande ni kujua lini waache. Na kifaa cha kujulia kilikuwa plagi ya bei ya chakula cha mchana.

Haya, tuingie kwenye usomaji wenyewe.

Kwanza, logi lazima iwe safi. Unafunga plagi mpya kabla ya mbio. Gari linakimbia mita zote 402 kwa gesi, na likivuka mstari tu dereva anazima cheche na kutoa gia kwa wakati mmoja. Haachi injini inguruma hata kidogo, gari linasota lenyewe kisha linavutwa. Kwa nini? Kwa sababu injini iliyo taratibu inachoma petroli nyingi kwa hewa chache na kutoa masizi, na masizi hayo yatafunika kila alama iliyoandikwa wakati wa nguvu kamili. Ni kama programu imeanguka, halafu kabla hujafungua logi mtu anaiwasha upya na faili linaandikwa juu. Mafundi wa pikipiki na magari ya mbio walijua mbinu hii miaka mingi kabla ya nitrasi, ila kwa nitrasi haina mjadala, maana injini hiyo ina tabia mbili tofauti kabisa, na gesi na bila gesi, na unataka kusoma ile moja tu.

Pili, unasoma sehemu tatu, na kila sehemu inajibu swali lake. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanatazama rangi ya pua ya kauri, wanatoa hukumu moja kwa kila kitu.

Mkono wa chuma unazungumza kuhusu wakati wa cheche. Joto linaubadilisha rangi, na mahali rangi inapoishia panabaki mstari. Mstari ukiwa karibu na ncha ya mkono, cheche inakuja kwa kuchelewa. Ukiwa umesogea hadi karibu na mahali mkono ulipochomelewa kwenye ganda, cheche inakuja mapema mno na joto ni kali. Fundi anautaka hapo kwenye mkunjo. Kwa nitrasi jambo hili ni la kufa na kupona, kwa kuwa mchanganyiko wenye oksijeni nyingi unaungua haraka zaidi. Ukiacha cheche pale ilipokuwa, shinikizo kubwa litafika wakati pistoni bado inapanda. Kanuni ya gerejini ni kurudisha cheche nyuma takriban digrii 2 kwa kila nguvu za farasi 50 za gesi, kisha kuuliza plagi kama inakubali.

Kauri inazungumza kuhusu petroli, lakini kule chini ndani kabisa, pale inapoingia kwenye ganda. Pua ya nje inasafishwa na moto, haina kumbukumbu. Kule chini kuna pete nyembamba ya rangi ya moshi. Pete ikiwa nene na imepanda juu ya kauri, petroli ni nyingi. Isipokuwepo kabisa, petroli ni chache na unacheza na moto. Kuiona bila kifaa ni shida, ndiyo maana ya kile kioo cha kukuzia chenye taa, na ndiyo maana baadhi yao huikata plagi kwa mashine ya kukereza, ganda likaondoka na kauri yote ikabaki wazi. Unaiharibu plagi ili uisome. Bei ya plagi moja dhidi ya bei ya injini, nani atabisha?

Hesi na ukingo wa ganda zinazungumza kuhusu joto la plagi kwa jumla. Rangi ikibadilika kwenye hesi mbili tatu za mwanzo, plagi imechaguliwa sawa. Ikienda mbali zaidi, tafuta ya baridi zaidi.

Halafu kuna vijidoti. Hivi havina tafsiri mbili. Juu ya pistoni kuna tabaka jembamba la gesi tulivu ambalo linaikinga. Moto ulio juu yake unapita nyuzi 2,000, na alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, kwa hiyo bila tabaka hilo pistoni haina maisha. Kugonga kunalipasua. Joto linaingia moja kwa moja, na punje ndogo za alumini zinaruka na kunata kwenye kauri, zinang'aa kama fedha. Vikiwa vyeusi kama pilipili manga, umepata onyo. Vikiwa vya fedha, unaiangalia pistoni yako mwenyewe ikiwa imehamia kwenye plagi. Hakuna sensa inayokuambia jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Kuna vitu vingine viwili vya kuchanganya hesabu. Cha kwanza ni nafasi ya cheche: silinda iliyojaa inataka volti nyingi zaidi kuruka, kwa hiyo nafasi inapunguzwa hadi milimita 0.6 au 0.9 hivi, la sivyo cheche inazimwa katikati ya mbio. Na mkono mrefu mwembamba wa plagi ya kawaida unawaka mwekundu na kuwasha petroli kabla ya wakati, ndiyo maana plagi za nitrasi zina mkono mfupi mnene.

Cha pili ni chupa. Shinikizo la nitrasi linafuata joto la chupa bila huruma: takriban bar 51 kwenye nyuzi 20, na bar 63 kwenye nyuzi 30. Jeti ni ile ile, lakini gesi inayopita si ile ile, na petroli haijui kwamba mwenzake ameongezeka. Kwenye nyuzi 36.4 nitrasi inaacha kabisa kuwa kimiminiko, na mahesabu yote ya jeti yanakosa maana. Chupa iliyosahauliwa kwenye buti ya gari saa saba mchana Mombasa inapita hapo bila jasho. Ndiyo maana washindani makini wanapima shinikizo kabla ya kila mbio na wana blanketi la umeme la kuipasha chupa joto hadi kipimo walichozoea. Plagi iliyosomwa bila kujua shinikizo la chupa ni logi isiyo na tarehe.

Sasa turudi kwenye ile rangi ya chai ya maziwa.

Marekani ilipiga marufuku petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani kuanzia tarehe 1 Januari 1996. Kwetu, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwezi wa Juni 2001, na kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondoka kwenye vituo vya Kenya na majirani. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tangazo lilitolewa hapa hapa Nairobi na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri. Kwa watoto wetu na mapafu yetu ni mojawapo ya habari njema kabisa za karne hii.

Kwa wasomaji wa plagi, herufi nusu zilifutwa usiku mmoja. Petroli isiyo na risasi haina cha kuipaka kauri. Injini yenye mchanganyiko sahihi kabisa inaweza kuacha kauri nyeupe safi kwa kilomita nyingi, na kwa macho ya vitabu vya zamani nyeupe ilimaanisha hatari, petroli chache, ongeza. Fundi mwenye uzoefu wa miaka 30 kule Grogan alifungua plagi, akaona weupe, akafungua kabureta zaidi, na mwenye gari akaanza kulalamika kwamba petroli inaisha. Hakukosea kusoma. Alisoma vizuri lugha ambayo haikuwa tena inaandikwa. Na bado kuna viongeza vingine vya petroli, kwa mfano vya manganizi, vinavyoacha rangi ya kutu iliyokolea, na mtu akidhani ni joto anaharakisha kubadilisha plagi zisizo na kosa.

Wanambio wa nitrasi walinusurika kwa sababu mbili. Mafuta ya mbio yenye risasi bado yanaruhusiwa Marekani kwa magari yasiyotumika barabarani, kwa hiyo baadhi yao hawakuona mabadiliko. Na wale waliobadilisha mafuta walikuwa tayari wameacha kutazama pua ya kauri. Pete ya chini, mstari wa mkono na vijidoti vya alumini havitegemei risasi. Ni nadra kuona hivyo: mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya hali ya hatari zaidi ikawa ndiyo pekee iliyobaki kweli katika hali ya kawaida.

Mtu ataniuliza, je, sensa za oksijeni hazijamaliza kazi hii? Bosch iliileta sensa ya lambda mwaka wa 1976, na zile za kisasa za masafa mapana zinatoa namba ya mchanganyiko mara nyingi kwa sekunde, ikaingia kwenye tarakilishi, ukachora grafu. Nazipenda grafu kuliko mtu yeyote. Lakini sensa hukaa kwenye bomba la moshi, mahali silinda kadhaa zinapokutana. Chukua injini ya silinda 8 yenye sensa moja tu. Saba zina mchanganyiko wa 11.8 na moja, ile ya pembeni ambako petroli haifiki vizuri, ina 13.5. Wastani ni 12.0. Grafu inapendeza. Silinda moja inayeyuka. Kila mtu aliyewahi kufuatilia seva kwa wastani wa muda wa kujibu anaijua hadithi hii. Tena silinda ikikosa cheche mara moja moja, oksijeni yake inatoka bila kutumika, sensa inasema petroli ni chache, na mtu anaongeza petroli kwenye silinda ambayo shida yake ni cheche.

Ndiyo maana timu zenye sensa ya joto kwenye kila bomba la moshi, na logi ya data ya kila sekunde ya mbio, bado zinafungua plagi zote baada ya kuvuka mstari. Wanazipanga kwenye kibao chenye matundu yenye namba kuanzia 1 hadi 8, kwa mpangilio wa silinda zenyewe. Plagi ya nne na ya tano zikitofautiana na zingine, hawagusi jeti za injini nzima. Wanabadilisha jeti ya silinda hizo mbili, wanafunga plagi mpya, wanapima shinikizo la chupa, na kurudi kwenye foleni.